Wanawake Watatu Walioinama

Mwanangu Salome,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naisikia kutoka hapa nilipoketi. Uko nje kwenye kivuli cha nyumba, Mama Yohana anakusuka, na kila akivuta unamwambia, "Taratibu mama, kichwa si kamba." Naye anakujibu kwamba mwalimu aliyesukwa ovyo hata watoto wa chekechea hawamsikilizi. Kwa maneno aliyonayo leo, sidhani kama atamaliza kabla jua halijashuka. Kwa hiyo nina muda.

Mambo ya safari sitayaandika. Godoro, ndoo, vyeti, basi la alfajiri, yote tumeyasema mpaka umechoka kuitikia. Ninaandika kwa sababu kuna jambo nimelibeba tangu ulipokuwa darasa la pili. Wiki tatu zilizopita, kule shuleni, nililitua nusu. Sitaki upande basi kesho bila kuijua nusu iliyobaki. Utauliza kwa nini sikuambii kwa mdomo. Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nikaishia kukuuliza kama chumvi ipo. Mara ya pili nikatoka nje kuangalia kuku.

Nianze na mama yako, maana picha zilikuwa zake.

Mwalimu Anna alipostaafu aliacha shuleni bahasha kubwa yenye picha. Zilikuwa kurasa za kalenda za zamani, kila ukurasa na picha moja ya mchoraji mkubwa, zile ambazo watu husafiri mbali kwenda kuziona. Aliiambia kamati ya wazazi kwamba walimu hawana nafasi, lakini akipatikana mzazi wa kusimama na picha moja kila Alhamisi baada ya uji, watoto watajifunza kutazama. Wazazi walicheka. Mmoja aliuliza kama picha hizo zinaongeza mvua. Mama yako akanyoosha mkono.

"Mama Salome, wewe umesomea wapi uchoraji?" mwenyekiti alimuuliza.

"Sijasomea," alisema. "Nitawauliza wao."

Na ndivyo alivyofanya. Alikuwa akiiviringisha picha ndani ya kanga isishike vumbi. Anaibandika ubaoni ikiwa bado imefunikwa, halafu anaifunua polepole kama mtu anayefunua chungu cha mboga. Maswali yake yalikuwa matatu tu. Mnaona nini? Nini kinakufanya useme hivyo? Nani ameona kingine? Siku moja nilipeleka mahindi ya uji pale shuleni nikasimama dirishani kumsikiliza. Ilikuwa ile picha ya mwanamke aliyekunja mikono, anatabasamu kidogo tu.

"Amebanwa na kicheko kanisani," mtoto mmoja alisema.

Mwingine akasema, "Hana nyusi. Kwao kuna msiba."

"Nini kinakufanya useme kuna msiba?"

"Babu alipofariki, bibi alinyolewa."

Mama yako hakumcheka. Alisema, "Basi tumtazame tena." Darasa zima likamtazama yule mwanamke kimya, kama watu waliokwenda kumpa pole.

Alipotutoka ulikuwa darasa la nne. Watu wengi walikuja, na wote walisema maneno yaleyale, ambayo ni mazuri, sikatai. Mwenyekiti wa kamati peke yake alikuja na jambo lingine. Alikaa muda mrefu akizungusha kofia mkononi, halafu akasema, "Alhamisi yake iko wazi. Tumpe nani?" Nikasema nitaishika mimi. Nilidhani nikiwa na zile picha mkononi nitakuwa naye kidogo. Hilo sikumwambia mtu.

Lakini niliogopa kuonekana mjinga. Mama yako alisimama mbele ya watoto hajui kitu na hakuona aibu. Mimi niliona aibu kabla sijaingia. Maelezo nyuma ya zile kurasa yalikuwa ya Kiingereza, na mimi, kama unavyojua, ni wa darasa la saba. Nikachukua miwani ya marehemu babu yako, nikaivaa, nikawa nageuza picha na kujifanya nasoma. Niliwaambia yule mwanamke asiye na nyusi alikuwa mke wa gavana. Ile picha ya anga la usiku lenye nyota zinazozunguka, ambayo wakati wa mama yako mtoto alisema mbingu imekorogwa kama uji, mimi niliwaambia ni ramani ya mvua. Wakaandika kwenye madaftari. Mpaka leo hapa kijijini wapo vijana wazima wanaoamini hivyo. Mmoja ni fundi wa pikipiki, na kila mawingu yakijikusanya ananiita nimweleze.

Hayo ninaweza kuyacheka. Linalofuata siwezi.

Alhamisi moja nilichomoa picha ya wanawake watatu walioinama shambani. Unaijua. Wamefunga vilemba, nguo zao nzito, shamba limekwishakatwa, na nyuma kule mbali kuna marundo makubwa ya mavuno. Wawili wameinama mpaka chini, wa tatu ameinama nusu. Nilipoiona tu nilijua wanafanya nini. Nikavaa miwani nikasema, "Hawa ni wakulima wa Ulaya. Wanapanda."

Ukanyoosha mkono. Ulikaa dawati la pili, sweta lako lilikuwa limefumuka kwenye kiwiko na hapakuwa tena na mtu wa kulishona.

"Baba, hawapandi," ulisema. "Wanaokota masazo. Mimi na mama tuliokota hivyo kwa baba mkubwa."

Wewe ulikuwa mtoto, hukujua umesema nini. Hapa kwetu mtu akishavuna uwele wake, huwaita wajane waingie kuokota masuke yaliyoanguka kabla ng'ombe hawajafunguliwa kula mabua. Wajane na yatima. Hakuna anayewatangazia wengine wasiingie, lakini hawaingii. Mwanamke mwenye mume akiingia kwenye mstari ule, ni kama amewaambia watu wote kwamba mume wake amekwishazikwa. Mama yako aliingia. Mimi nilikuwa hai. Na shamba lilikuwa la kaka yangu.

Watoto wengine walijua desturi hiyo. Niliona wawili wanaanza kutazamana. Nikasema, "Si kweli. Huyu kafiwa na mama yake, siku hizi anaota ota mambo. Wanapanda. Kaa chini."

Wakacheka. Ukakaa.

Mama yako alikuwa na miezi sita tu kaburini, na mimi nilichukua kumbukumbu yako moja ukiwa naye nikaiita ndoto mbele ya wenzako. Jioni tuliporudi ulipita upande wa pili wa barabara. Tangu siku ile kila Alhamisi baada ya uji uliomba ruhusa ukamsaidie mpishi kuchota maji, mpaka ukamaliza la saba. Nyumbani hukubadilika. Shikamoo yako ilikuja kila asubuhi, maji ya kunawa yalikuja kila jioni. Ningeona nafuu kama ungenuna.

Nikaendelea na zile Alhamisi. Mwaka uliofuata mtoto mmoja mwembamba aliniuliza, "Mwalimu, mbona wewe unatuambia tu? Mama Salome alikuwa anatuuliza." Nilivua miwani siku hiyo. Nikaanza kuuliza kama alivyouliza yeye, na nikagundua kuwa kusema "sijui" mbele ya watoto hakuui. Wanafurahi, wanasogea karibu, wanataka kukusaidia. Nawe unakwenda kusomea ualimu, utajionea mwenyewe. Mimi nilichelewa kwa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo alikuwa mtoni anachota maji.

Ile picha ya wanawake watatu niliiweka chini kabisa ya bahasha. Haikutoka tena.

Mpaka wiki tatu zilizopita, umeshapata barua ya chuo, ukaniambia, "Baba, Alhamisi hii niachie mimi." Nikafurahi. Nikaenda nikakaa nyuma kwenye dawati la darasa la tatu, magoti yakinigusa kidevu. Ukabandika picha, ukaifunua. Nilipoona vile vilemba nilitamani dari ishuke.

"Mnaona nini?" uliwauliza.

"Wanapanda, dada," akasema yule mvulana mwenye meno ya mbele yaliyotoka.

"Nini kinakufanya useme hivyo?"

"Kaka yangu alisema Baba Salome alisema."

Wakageuka wote kunitazama. Ukasema, "Mwache kaka yako apumzike. Macho yako wewe yanasema nini?"

Akatazama muda mrefu. "Jembe hawana," alisema.

"Mbegu pia hawana," akadakia mwenzake. "Halafu nyuma kuna marundo. Nani anapanda siku ya mavuno?"

Kisha yule binti mdogo wa Mama Yohana akasema, "Huyu ameweka mkono mgongoni. Mgongo unamuuma. Wanaokota."

Ukanitazama. Hukuwa na hasira usoni, wala hukuwa na ile heshima ya maji ya kunawa. Ulitazama tu kama mtu anayetaka kujua. "Baba, wewe unaona nini?"

Nilisimama, dawati likasimama na mimi, wakacheka. Nilishukuru wale watoto kwa kucheka, maana nilipata muda wa kulishusha lile dawati. Nikasema, "Wanaokota. Niliwaambia kaka zenu wanapanda, nikawadanganya. Mwaka wa njaa mke wangu aliokota hivi, na huyu dada yenu alikuwa naye, mdogo kama ninyi. Akasema kweli humu darasani, mimi nikamwambia anaota."

Halafu yule wa meno akauliza, "Kwa hiyo kaka alidanganywa?"

"Ndiyo."

"Nikifika nitamwambia," alisema, na furaha aliyokuwa nayo sijawahi kuiona kwa mtoto ambaye hajapewa kitu.

Tukarudi nyumbani pamoja, upande mmoja wa barabara. Ulinieleza habari za viatu, kwamba vya wazi haviruhusiwi chuoni, na mimi nilisikiliza habari za viatu kama mtu ambaye homa imemshuka. Usiku ule nililala mpaka jogoo wa tatu.

Lakini kabla ya kengele, sijui kama unakumbuka, yule binti mdogo aliuliza kitu kingine. Kule mbali kwenye picha, upande wa kulia, kuna mtu juu ya farasi. Mtoto alimwita punda. "Na yule wa kwenye punda?" alisema. "Anawatazama tu. Hashuki." Ukamjibu kwamba labda ni msimamizi wa shamba, ukaanza kuikunja picha. Mimi nikabaki na lile neno. Hashuki.

Salome, mwaka ule wa njaa, ukiwa darasa la pili, mama yako aliwaambia watu kwamba niko machimboni natafuta dhahabu na sina habari za nyumbani. Wewe pia uliambiwa hivyo. Niliwaacha miezi minane, sikupata kitu, na kwa sababu sikupata kitu sikutuma hata salamu. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nilirudi siku ileile mliyokuwa shambani.

Nilikuja kwa miguu kutoka barabara kuu. Nilikuwa na blanketi na sululu isiyo na mpini. Nilipofika usawa wa shamba la kaka, lililo chini bondeni, niliona wanawake wameinama, nikajua ni wajane wanaokota, nikataka kupita. Halafu mmoja akainuka, akashika kiuno, akatazama juu, akainama tena. Nilimjua kwa namna ile ya kuinuka. Nyuma yake kulikuwa na kitu kidogo nikadhani ni mbuzi. Ni wewe.

Ningeshuka tu bondeni. Ningefika, angelazimika kuacha, maana hakuna anayeokota na wajane mume wake akiwa amesimama pembeni. Ningewabebea kile kikapu. Sikushuka. Nilirudi nyuma ya kichuguu nikakaa, mgongo kwenye udongo, mpaka mlipoondoka na jua likazama. Kisha nikaja nyumbani nikasema basi liliharibika njiani.

Kwa hiyo siku ile darasani uliposema "tuliokota", sikuwa baba aliyesikia jambo geni akashtuka. Nilijua mpaka mahali mlipokuwa mmesimama. Niliyekuita mwota ndoto nilikuwa shahidi wako.

Hapa ndipo nilipofika ulipoingia, na kwa kuwa umeniambia nimalize, namaliza. Lakini nitaandika yaliyotokea sasa hivi ingawa ulikuwepo, kwa sababu mtu husahau maneno yake mwenyewe kuliko ya wenzake, na ninataka uwe nayo.

Uliingia upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili nywele zimesimama. "Baba, mkasi uko wapi?" Halafu ukaniona. "Unaandika nini mpaka jasho linakutoka?"

"Barua yako."

"Mimi si nipo hapa?"

"Utaisoma kwenye basi."

"Kwenye basi nikisoma natapika, unajua. Lete."

Ningeweza kukataa. Nilikupa. Ukaisoma umesimama mlangoni kwenye mwanga, ukicheka penye miwani, kisha hukucheka tena. Nje Mama Yohana alikuwa akiita, "Salome, huo mkasi umekwenda kuununua Kiomboi?" Ulipofika mwisho ukakaa juu ya gunia la uwele, ukazikunja karatasi vizuri kwa mistari yake.

"Mama alikuona," ulisema.

Sikuelewa.

"Alikuona barabarani. Alikujua kwa mwendo. Mimi nikataka kukimbia kuja, akanishika gauni. Akasema, endelea kuinama mwanangu, anayetaka kupita tumwache apite."

Nikakuuliza kama umejua siku zote hizi.

"Nimejua. Siku ile darasani nilidhani umenikasirikia kwa sababu tulikuona. Nikasema, kumbe kosa langu ni kuona."

Salome, nimeogopa mambo mengi katika maisha, lakini hilo sikuwahi kuliwaza. Kwamba mtoto wa miaka kumi alikwenda kuchota maji kila Alhamisi ili baba yake asionwe. Nilikuambia halikuwa kosa lako. Ukasema, "Sasa najua." Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyeambiwa mkasi uko juu ya kabati. Kisha ukainuka, na ukiwa mlangoni ukageuka.

"Alisema umekonda," uliniambia. "Alisema umekonda sana. Tuliporudi alichukua masuke yote tuliyookota siku tatu, akasaga kwenye jiwe. Alikuwa ameyaweka yafike mwisho wa mwezi."

Ukachukua mkasi ukatoka.

Naukumbuka ugali ule, mwanangu. Ulikuwa mwingi, nikashangaa. Niliuliza mbona ninyi hamli, na mama yako akasema mmekula shambani. Nilikula peke yangu, ninyi wawili mkinitazama, nikakwangua na chungu, huku nikiwaza namna ya kueleza lile basi lililoharibika. Mlikuwa mnajua wote wawili, mtu mzima na mtoto, na hakuna aliyenitikisia kichwa.

Nilidhani barua hii itaisha kwa kukuomba jambo. Sina la kukuomba. Kesho utapanda basi, nami nitarudi nyumbani nikiwa sina cha kuficha humu ndani, hata katika chumba kimoja. Ukikasirika ukiwa kule, maana hasira nyingine huchelewa, nipigie simu uikasirikie huko huko, nitapokea. Ukikaa siku nyingi bila kupiga, nitajua una masomo.

Ule ugali nadhani ulikuwa umesimama hapa kooni miaka yote hii, nami nikidhani ni uzee. Leo umeshuka.

Baba yako